Hasira Iliyotemwa Uwanjani

Siku ile Reli Stars waliposhindwa kwenda Taveta, Pauline Mkamburi alikuwa dukani kwake sokoni Voi, akishona kola za sare za shule. Wachezaji walikuwa wamekaa kibarazani pake tangu alfajiri, mabegi miguuni, wakingoja basi ambalo mwenyewe, Donald, alikataa kuliwasha mpaka alipwe deni la safari iliyopita. Jua lilipanda. Upepo wa Voi, ule unaochota vumbi jekundu upande wa mbuga na kulimwaga kwenye chai ya tajiri na ya maskini bila ubaguzi, ukaanza kazi yake. Ilipofika saa ambayo kule Taveta refa alikuwa akipuliza filimbi ya kwanza, kapteni Austin alisimama, akazifunga pamoja kamba za viatu vyake vya mpira na kuvitundika begani.

"Mathe," akamwambia Pauline, "wameshapewa pointi za bure. Na sisi hata jasho hatujatoa."

Pauline hakuinua uso kutoka kwenye cherehani. Alikuwa mwenyekiti wa klabu, cheo ambacho hakukitafuta; alikirithi kwa sababu kwenye mkutano wa mwisho wa kuchagua viongozi kila aliyetajwa alikumbuka ghafla kwamba ana shughuli nyumbani. Lakini jezi za kwanza za Reli Stars alizishona yeye. Alitumia kitambaa kilichobaki kwenye sare za shule ya msingi, na ndiyo maana mpaka leo timu huvaa bluu ya watoto wa darasa la nne, na mashabiki wa ugenini huwaimbia, "Kengele imelia, rudini darasani!" Aliwahi kupewa nafasi ya kubadili rangi. Alikataa. Mumewe, marehemu Maundu, alikuwa kipa katika bluu hiyo, na bado kuna nyakati ambapo mtu akivuka barabara na nguo ya rangi ile, moyo wa Pauline husimama kidogo kabla ya kuendelea na safari yake.

Kwa kanuni za ligi, timu ikipoteza mechi bila kucheza mara ya pili ingefutwa. Habari hiyo haikuchelewa kufika Mombasa, na kutoka Mombasa akaja Maxwell.

Maxwell alikuwa mtoto wa Voi aliyetajirika kwa kuuza saruji na mabati. Aliegesha gari lake jipya mbele ya duka la Pauline, akaingia, akakaa kwenye kigoda cha wateja, na kwa muda alishika kitambaa kimoja baada ya kingine kama mtu aliyekuja kushonewa suruali.

"Dada Pauline, mimi si mtu wa kuzunguka," alisema hatimaye. "Nipeni klabu. Madeni yote nayabeba. Vijana nitawalipa mshahara kila mwezi, jambo ambalo hawajawahi kuliona. Ila timu itahamia Mombasa na itapata jina jipya."

"Kwa nini isibaki hapa?"

"Hapa nani atanunua tiketi? Ndovu?"

Pauline alicheka, na akajichukia kwa kucheka, kwa sababu ulikuwa ukweli. Jumamosi iliyopita watu walikuwa wametazama mechi wakiwa juu ya ukuta, na aliyelipa kiingilio alichekwa kama mshamba.

"Watoto wetu hawa," Maxwell akaendelea, sauti yake ikilainika, "unataka wabaki na ile bluu yako mpaka wazeeke? Mimi nimecheza uwanja ule. Naupenda. Lakini kupenda hakujazi tangi la basi. Jumamosi nitakuja na karatasi. Wadhamini wako wawili wakitia saini, tumemaliza."

Hapo ndipo penye mfupa. Klabu iliandikishwa kwa majina ya wadhamini wawili, wale walioianzisha: Thadeus, kaka mkubwa wa Pauline, aliyekuwa karani wa reli, na Jaffar, kocha wa zamani, mtu wa familia ya Kiislamu iliyofika Voi kutoka pwani enzi za babu yake. Pasipo saini za wote wawili klabu haiuzwi wala haibadilishwi. Nao wawili walikuwa hawasalimiani.

Maxwell alipoondoka, Pauline alibaki akitazama kilima cha Sagalla kikibadilika rangi mchana ule, na mawazo yakampeleka mbali, Mbololo, kwenye boma la baba yake. Baba alikuwa na ng'ombe mmoja ambaye hakuwa wake peke yake. Alikuwa ameungana na majirani watatu, kila mmoja na mguu wake. Ng'ombe alilala kwa baba, maziwa yalizunguka, ndama alipozaliwa walijua ni wa nani na anayefuata ni wa nani. Hakuna aliyeweza kumpeleka mnadani mpaka wenye miguu wote wakubali. Mwaka wa ukame, mfanyabiashara mmoja alikuja na pesa taslimu, na baba akamwambia, "Mimi nina mguu mmoja tu. Ukiununua huo, utamfanya ng'ombe arukeruke."

Pauline alisimamisha cherehani. Kwani klabu ni kitu gani, akajiuliza, kama si ng'ombe anayelishwa na wengi na kudaiwa na mmoja?

Jioni alikwenda kwa Jaffar, ambaye tangu aachane na ukocha alikuwa na kibanda cha chai na mahamri karibu na msikiti. Alimweleza mpango: mtu yeyote wa Taita Taveta anunue mguu wa klabu kwa bei ya sare moja ya shule. Mtu mmoja, mguu mmoja, sauti moja, hata akiwa na maduka kumi. Na iandikwe kwamba timu haihami ila wenye miguu wakubali.

Jaffar alisikiliza huku akipanga mahamri kwenye sinia. "Sasa ng'ombe huyo atakuwa na miguu mia ngapi, mama? Huyo si ng'ombe tena, huyo ni jongoo."

"Jongoo hafiki haraka, lakini umewahi kumwona ameanguka?"

Jaffar akacheka mpaka akashika mgongo. Kisha uso ukamrudia. "Mimi niko nawe. Wallahi nitatia saini hata sasa. Lakini kaka yako je? Mpango wako unataka tukae meza moja, mimi na yeye, kila mwezi. Wa Maxwell hautaki hivyo. Mwanasheria ataipeleka karatasi Mwatate, ataileta hapa, kwisha. Thadeus atachagua upande ambao hatauona uso wangu."

Alikuwa amesema kweli. Pauline alipokwenda Mwatate kesho yake, alimkuta kaka yake nyuma ya nyumba akipalilia migomba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, kwa kuwa hata shambani Thadeus alikuwa mzee wa kanisa. Alimsikiliza dada yake mpaka mwisho bila kuacha jembe.

"Uza," alisema. "Maxwell akija nitasaini. Nimechoka kuona jina langu limelala kando ya jina la mtu yule."

"Kaka, ni mechi moja ya miaka hiyo yote."

"Ni mwanangu."

Mechi yenyewe kila mtu Voi aliijua. Maskauti, watafuta vipaji wa klabu kubwa ya Nairobi, walikuja kumtazama Hillary, mtoto wa Thadeus, na Jaffar alimweka kwenye benchi kutoka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Maskauti wakaondoka na kijana mwingine. Hillary aliacha mpira, akaenda kufanya kazi ya hoteli, na mpaka leo yuko huko, akibeba mizigo ya watalii. Thadeus alisimama siku ile mbele ya watu na kusema kwamba Waswahili wa Voi huuza hata mtoto wa rafiki. Maneno hayo nayo kila mtu aliyajua.

Pauline alichuma jani la mgomba, akalikunja, akalikunjua. "Unakumbuka baba na mzee Mwasaru walipogombana? Kwa sababu ya yule ndama?"

Jembe likapunguza kasi.

"Baba alikataza maziwa yasinywewe," Pauline akasema. "Alisema maziwa ya watu wenye hasira yatawaumiza watoto. Akamwita Mwasaru uani, wakatasa."

Kwa Wadawida, yaani Wataita, hasira iliyofichwa si mali ya mtu na moyo wake tu. Humtoka, ikampata mtoto, ikapata mifugo, ikakausha kitu cha pamoja. Dawa yake ni kutasa: mwenye hasira hupiga funda la kinywaji, hulitema kama manyunyu, na kila anapotema hutamka kilichomuuma na kuwatakia mema wale aliowakasirikia. Hasira hutoka na maji.

"Mimi ni mzee wa kanisa, Pauline."

"Hata baba alikuwa mzee wa kanisa. Alitasa Jumamosi, na Jumapili akaimba besi."

"Alikuwa akikosea sauti," Thadeus akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo kona ya mdomo wake ilicheza. Akaegemea jembe. Alitazama chini kwenye mashamba ya mkonge, mistari yake mirefu ikienda mpaka macho yanapochoka. "Kitu cha pamoja hukauka," alisema kama anayejisomea. Kisha: "Jumamosi nina kikao cha kanisa Voi. Nitapita uwanjani mapema. Sio pombe, ni maji. Na sitaki watu."

Kosa lilikuwa la Pauline, na lilikuwa kosa ambalo Mdawida pekee angelifanya. Alikuwa anawaza mahali hasira ilipoanzia, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, nayo ilianzia kwenye benchi la saruji la Reli Stars, pembeni mwa goli la kaskazini. Hakuwaza kabisa kwamba siku hiyohiyo palikuwa na mechi, wala kwamba mashabiki wa mpira wakimwona mzee anatema maji karibu na goli asubuhi ya mechi, hawataona mila ya upatanisho.

Jumamosi, umande haujakauka, wazee wawili walisimama mbele ya benchi na Pauline katikati yao akiwa na kibuyu cha maji. Walisalimiana kama watu wanaokanyaga kaa la moto. Thadeus alipiga funda, akatema. Manyunyu yaling'aa kidogo juani na kutua kwenye vumbi.

"Uliniuma," alisema. "Ulimkalisha mwanangu hapa kama mzigo usio na mwenyewe. Naitema." Akatema. "Nimeomba dua mbaya juu ya timu hii. Naitema." Akatema tena. "Iwe na afya. Nyumba yako iwe na afya. Vijana hawa wakue."

Jaffar alinyoosha mkono. "Nipe na mimi."

"Wewe si mila yako," Pauline akasema.

"Mama, mimi husukutua na kutema maji kila ninapotawadha. Kama ni kutema, nina uzoefu kuliko nyinyi nyote." Akapiga funda, akatema vizuri, kwa ufundi. "Uliniita muuza watoto mbele ya watu. Babu yangu kazikwa mji huu. Uliniuma. Naitema." Akafuta ndevu. "Ila nakwambia ukweli, Thadeus, leo ningemweka benchi vilevile. Alikuwa mzito siku ile. Alikula chapati tano."

Thadeus alimkodolea macho. Halafu akatoa sauti ambayo Pauline hakuwa ameisikia kwa miaka, kicheko kilichoanzia tumboni. "Nne! Zilikuwa nne! Nilikuwepo mezani!"

Ndipo kelele ikapasuka langoni. "Ndumba! Wanatega goli! Refa, njoo uone!"

Wageni walikuwa wamefika mapema, timu kutoka upande wa Chala, na walikuwa wameona yote isipokuwa maana yake. Kipa wao alitangaza kwamba hataingia goli la kaskazini hata akatwe kichwa. Kocha wao alidai wapewe ushindi. Mashabiki wa Reli Stars waliosikia vurugu walikuja mbio, wapita njia wakaja, wanawake wa sokoni wakaja na vikapu vyao, na katika muda mfupi uwanja ulikuwa na watu wengi kuliko ulivyowahi kuwa siku ya mechi. Maxwell naye alikuwa amefika na karatasi zake, amesimama kando ya gari, mikono kifuani. Refa, kijana mwembamba, aliwatazama wazee, akatazama vumbi lililolowa, akasema kama hatapata maelezo atavunja mechi na kuwapa wageni pointi. Kwa Reli Stars hiyo ingekuwa ndiyo mara ya pili.

Pauline alimpokonya mtangazaji maikrofoni. Hakuwa msemaji.

"Yule aliyetema ni kaka yangu," alisema, na spika zikapiga mluzi. "Alikuwa na hasira na kocha Jaffar kwa miaka. Ameitema. Hilo tu. Sikutaka mwone. Lakini kwa kuwa mmeona, basi sikieni lote. Klabu hii ilikuwa iuzwe leo. Bwana Maxwell yule pale anataka kuinunua kwa nia njema, aihamishie Mombasa. Wadhamini ni hawa wawili. Kama wasingepatana, saa hii isingekuwa yetu tena."

Hata aliyekuwa akiuza karanga aliacha kunadi. Akawaeleza habari ya ng'ombe wa baba yake, mguu mmoja kwa mtu mmoja, bei ya sare moja ya shule, na kwamba mwenye mguu hatatazama mpira juu ya ukuta kwa sababu hakuna anayechungulia nyumbani kwake mwenyewe.

Kapteni wa wageni alikuja mbele akikuna kichwa. "Nyanya yangu hutasa," alimwambia kocha wake. "Si uchawi, coach. Ila…" akawageukia wazee, "na sisi mtutemee pia. Tusije tukafungwa peke yetu."

Uwanja uliangua kicheko. Thadeus, mzee wa kanisa, vifungo mpaka shingoni, alipiga funda kubwa na kuwanyunyizia wageni wote baraka, kipa akiwa wa kwanza kuinamisha kichwa.

Reli Stars walifungwa mawili kwa moja. Bao la pili liliingia goli lilelile la kaskazini.

"Kama ule ulikuwa uchawi," alisema mwanamke mmoja wa sokoni aitwaye Syokau, akipanga foleni mbele ya benchi ambapo wazee wawili walikuwa wamekaa na kalamu, "basi ni uchawi wa mtumba. Haya, niandikieni mguu wangu."

Foleni ilizunguka bendera ya kona. Hawakuwa wote, wengi walicheka wakaenda zao, na wengine waliahidi kurudi mwisho wa mwezi kwa ile sauti ya mtu asiyerudi. Pauline alijua kwamba miguu iliyopatikana haikutosha kumaliza madeni. Ilitosha kuanza. Alisimama na kutazama majina ya kaka yake na ya Jaffar yakilala tena pamoja kwenye karatasi mpya, na wino wa moja ukigusa mkia wa jingine.

Maxwell alingoja mpaka foleni ikapungua. Alikunja karatasi zake, akazitia mfukoni. "Mmeniaibisha mbele ya mji wangu."

"Tumekukaribisha," Pauline alisema.

"Mguu mmoja? Mimi? Sawa na muuza mahamri?"

"Sawa kabisa," Jaffar akajibu bila kuinua kichwa. "Na mahamri yangu ni matamu kuliko saruji yako."

"Nikitaka na kwato je?"

"Kwato huja na mguu."

Maxwell alitikisa kichwa, akatoa pesa. "Mwaka ujao mkishindwa mtaniita. Nitamnunua huyo ng'ombe kwa bei ya ngozi." Lakini alipofika kwenye gari alisimama na kuutazama uwanja kwa muda mrefu, vumbi likimpaka viatu, na Pauline alimwona akipiga teke kokoto moja kwa ndani ya mguu, vizuri, kama mtu aliyewahi kucheza hapo.

Safari iliyofuata ilikuwa ya Taveta tena, mchezo wa kombe. Alfajiri, wachezaji walikuwa kibarazani pa Pauline, mabegi miguuni. Thadeus alikuwa ameteremka kutoka Mwatate na alikuwa akibishana na Jaffar kuhusu chapati, ile moja iliyozidi, huku akimpigia simu Hillary ili awe shahidi. Sauti ya Hillary ilisikika ndogo kutoka huko hotelini: "Baba, sikumbuki! Na mguu wangu mmeuandika?"

"Umeandikwa," Thadeus alisema. "Chini ya jina la huyu mzee mbishi."

Basi la Donald lilikuja likikohoa kutoka upande wa reli, likasimama. Mwenyewe aliteremka, akafungua buti, akaanza kupakia mipira kwa mikono yake. Alikuwa amepanga foleni siku ile ya kununua miguu, karibu na mwisho, bila kumtazama mtu usoni.

"Na lile deni, Donald?" Pauline aliuliza kwa hofu kidogo.

"Lipo. Mtanilipa polepole." Alibamiza mlango wa buti, akapangusa mikono kwenye suruali. "Lakini nikiwanyima basi saa hizi, mama, si nimejinyima mwenyewe? Haya, ingieni. Timu yangu itachelewa."